Noah ya Manyovu: kwa nini abiria watatu walitapika na dereva akabaki mzima

Swali lililoletwa gereji lilihusu shokapu. Dereva wa Noah ya kukodi, kijana anayeegesha pale Mwanga mjini Kigoma, alitaka kujua bei ya shokapu nne mpya pamoja na ufundi. Jana yake alikuwa amepeleka familia ya watu saba harusini Manyovu, na watatu kati yao walitapika kabla ya kufika. Familia ikampigia simu mwenye gari kulalamika. Mwenye gari akaamua kwamba gari linarusha, shokapu zimekufa, zibadilishwe kabla dereva hajaenda kuwarudisha Jumapili.

Kabla ya kumtajia bei nikamuuliza mambo matatu: nani alitapika, alikaa siti gani, alianzia wapi. Majibu yake hayakufanana na dalili za shokapu zilizokufa. Nikamwomba anipeleke kidogo barabarani jioni ile, na Jumapili nikaenda naye Manyovu kuwachukua watu wake, ili nizungumze nao na nione safari ya kurudi kwa macho yangu.

Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu kinagusa jambo linalowasumbua wahandisi wa magari yanayojiendesha huko Marekani, Ulaya na Japani. Watu wengi huamini kwamba raha ya abiria inatokana na siti laini, springi nzuri na lami. Vyote hivyo vina kazi yake. Lakini abiria anapotapika juu ya lami nzuri, ndani ya gari lililo zima, inabidi tuangalie namna mwendo unavyopangwa, na kama abiria anajua kinachokuja kabla hakijamfika mwilini. Kwenye gari linalojiendesha kikamilifu hakuna anayeshika usukani, hivyo wote waliomo ni abiria, na ugonjwa wa siti ya nyuma unaweza kuwa wa gari zima.

Nani alikaa wapi

Mbele, pembeni ya dereva, alikaa bibi. Miguuni pake aliweka boksi la dagaa wa zawadi, kwa sababu hakutaka mtu mwingine alishike. Safu ya kati walikaa mkewe mwenye familia dirishani, mwenye familia mwenyewe katikati, na kijana wao wa chuo dirisha la upande wa pili akiwa na simu. Safu ya nyuma kabisa alikaa shangazi, binti wa miaka tisa, na mjomba aliyekuwa amekesha kwenye maandalizi. Mjomba alilala usingizi mzito kabla hawajatoka Mwandiga.

Nyuma ya viti kulipangwa sufuria, mablanketi na dumu la mawese. Kati ya safu ya pili na ya tatu, kwenye upenyo mdogo ambao mtoto angeweza kuchungulia mbele, kilisimamishwa kitita cha mikeka. Mvua ya rasharasha ilikuwa inanyesha, kiyoyozi cha gari hakifanyi kazi, vioo vikafungwa.

Binti ndiye aliyeanza. Alinyamaza kwanza, akapiga miayo, midomo ikapauka, akatokwa na jasho la baridi kwenye paji la uso. Shangazi aliziona dalili hizo akadhani mtoto ana usingizi. Walipokuwa hawajafika Kalinzi binti akatapikia kwenye mfuko wa karatasi wa sukari, mfuko ukalowa na kuchanika, na mengine yakaishia kwenye kitenge cha shangazi. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 watu wengi husafiri bila kitu cha maana cha kutapikia, na anayesafiri na watoto afadhali abebe kopo lenye mfuniko. Muda si mrefu shangazi naye akafuata. Baada ya Kalinzi ikawa zamu ya kijana wa chuo, ambaye muda wote alikuwa akitazama video. Mkewe mwenye familia alipata kichefuchefu lakini hakutapika. Bibi, mwenye familia, mjomba na dereva hawakuhisi kitu.

Bibi alinisimulia kwamba alimwambia dereva, "Mwanangu, punguza, huko nyuma wanaumia." Dereva akamjibu kwa heshima, "Bibi, ni gari linarusha, siyo mimi." Naamini alisema alichokiona kuwa kweli. Yeye mwenyewe hakuhisi lolote.

Washitakiwa wa kwanza

Pale Manyovu kila mtu alikuwa na mshitakiwa wake. Shangazi aliwashitaki dagaa. Mkewe mwenye familia alisema ni chapati za mafuta walizokula alfajiri. Mwenye familia alisema ukoo wa mkewe "hawawezani na magari" tangu zamani.

Dagaa wananuka, hilo hakuna wa Kigoma atakayebisha, na ndani ya gari lenye vioo vilivyofungwa harufu humwongezea mateso mtu ambaye tayari ana kichefuchefu. Ila boksi lilikuwa miguuni mwa bibi, na bibi hakuwa na hata dalili. Kama dagaa ndio chanzo, wangeanza na yeye. Najua pia kwamba wazee kwa kawaida hawalevywi na mwendo, yaani kupata kichefuchefu cha safari, kama watoto, kwa hiyo bibi peke yake hawezi kuwa ushahidi kamili. Hata hivyo aliyetapika kwanza ndiye aliyekuwa mbali zaidi na boksi. Chapati walikula wote. Na kuhusu ukoo, ni kweli watu hutofautiana sana, na watoto wa umri wa shule ya msingi ndio huathirika kuliko rika lolote. Lakini kijana wa chuo ni mtoto wa baba aliyekaa ubavuni mwake, na anasafiri mara kwa mara kwenda na kurudi masomoni bila shida.

Shokapu ndizo zilizonihusu kikazi. Niliminya kila kona ya gari kwa uzito wangu wote nikaachia. Bodi ilipanda, ikashuka, ikatulia. Ya nyuma kulia ilikuwa na unyevu wa mafuta, imeanza kuvuja, lakini bado inafanya kazi. Hata kama zote nne zingekuwa zimekufa, zingeleta usumbufu wa namna nyingine. Bodi ya gari dogo likiwa juu ya springi zake hupanda na kushuka kama mara moja hadi mara moja na nusu kwa sekunde. Shokapu mbovu huacha mchezo huo uendelee badala ya kuukata. Abiria ataruka, atagonga kichwa, mgongo utamuuma.

Mwendo unaoleta kutapika ni wa polepole kuliko huo kwa mbali. Mwaka 1974 watafiti O'Hanlon na McCauley walichapisha matokeo ya kuwaweka watu kwenye chumba kinachopanda na kushuka kwa mapigo tofauti. Mwendo uliotapisha kuliko yote ulikuwa karibu mara 0.2 kwa sekunde, yaani mzunguko mmoja kila sekunde tano. Kiwango cha kimataifa ISO 2631-1 cha mwaka 1997 kimetenganisha mambo haya mawili: mitetemo ya kuanzia 0.5 hadi 80 kwa sekunde hupimwa kwa ajili ya afya na starehe, na ile ya 0.1 hadi 0.5 hupimwa peke yake kwa ajili ya kulevywa na mwendo. Waliowahi kupanda boti ya Ziwa Tanganyika kwenda Kagunga au Kalya wanalijua jambo hili kwa miili yao. Wimbi pana linalonyanyua boti taratibu na kuishusha taratibu ndilo linalomwangusha mtu, na kale kamtetemo ka injini hakamfanyi kitu. Vivyo hivyo, barabara ya vumbi yenye mashimo inaweza kukuchosha mifupa siku nzima usitapike, na lami laini yenye kona ikakutoa chai yote ya asubuhi.

Nikamwambia dereva shokapu zisubiri.

Mguu wa kulia

Barabara ya Mwandiga hadi Manyovu ni lami ya kama kilomita 60. Inaacha bonde la Ziwa Tanganyika, ambalo uso wake uko karibu mita 773 juu ya usawa wa bahari, na kupanda kwenye milima ya Buhigwe kwa kona baada ya kona. Jioni ile tulipoanza kupanda nilisimamisha chupa ya maji iliyojaa nusu kwenye tundu la kuwekea vikombe, nikawa natazama uso wa maji badala ya kutazama barabara.

Kwenye kona ya kwanza maji yalilala upande wa kulia, yakabaki hivyo. Ghafla yakakimbilia mbele ya chupa, yakarudi nyuma, yakalala kushoto. Nikahamisha macho kwenye mguu wa dereva. Alikuwa akiingia kona kwa kasi ya barabara iliyonyooka, anakanyaga breki akiwa tayari ndani ya kona, anaiachia yote kwa mara moja, kisha anakanyaga mafuta kutoka. Mguu ule haukupumzika hata kwenye vipande vilivyonyooka: mafuta, breki, mafuta, breki. Ni uendeshaji wa kawaida kabisa kwa vijana wa magari ya kukodi, ambao kila dakika wanaihesabu kwa pesa. Wala si dereva mbaya. Hakuvuka mstari, hakupita mtu kwenye kona, macho yake yalikuwa barabarani.

Hesabu yake si ngumu. Chukua kona yenye nusu kipenyo cha mita 50. Ukiipita kwa kilomita 50 kwa saa, mwili wa abiria unasukumwa pembeni kwa mchapuko, ambao hapa nauita msukumo, wa karibu mita 3.9 kwa sekunde kwa kila sekunde. Ukiipita kwa kilomita 36 kwa saa, unashuka hadi mita 2. Kasi imepungua kwa kama robo tu, msukumo umepungua karibu nusu, kwa sababu msukumo unakwenda na mraba wa kasi. Kwenye chupa, msukumo wa mita 2 huinamisha maji kama nyuzi 11, na ule wa 3.9 kama nyuzi 21. Kwa kulinganisha, kanuni namba 79 ya Umoja wa Mataifa kuhusu mifumo ya usukani, inayotumika katika nchi nyingi zilizoikubali, inauwekea mfumo wa kushika njia, yaani kompyuta inayoliweka gari ndani ya mstari wake, kwenye magari madogo kikomo cha mita 3 kwa msukumo wa pembeni. Kanuni hiyohiyo inaweka kikomo pia kwa jinsi msukumo huo unavyobadilika ghafla. Dereva wetu alikuwa anakivuka kikomo cha kompyuta, bila nia mbaya, akiwahi harusi ya watu.

Kuna jambo la pili ndani ya hesabu hiyo. Barabara ikipinda kushoto na kulia kila baada ya mita 70 hivi, gari la kilomita 50 kwa saa hukamilisha mzunguko mmoja kila sekunde tano. Ndiyo mapigo yaleyale ya 0.2. Ukipunguza hadi kilomita 30, mzunguko unachukua zaidi ya sekunde nane, na msukumo wenyewe unabaki kama theluthi moja. Kwa hiyo mwendo wa haraka kwenye kona za namna hii hukupa msukumo mkubwa, tena kwenye mapigo mabaya kuliko yote.

Sikio, macho na simu

Ndani kabisa ya sikio kuna mifereji mitatu yenye majimaji inayohisi kichwa kinapozunguka, na vijiwe vidogo mno vinavyohisi kusukumwa na kuinama. Ubongo hulinganisha habari za sikio na za macho, na vilevile na matarajio yake mwenyewe kutokana na mazoea. Zikigongana kwa muda, mwili huanza kichefuchefu. Maelezo haya ya mgongano yalipangwa vizuri na Reason na Brand mwaka 1975, na bado ndiyo yanayotumiwa zaidi. Ushahidi mmoja unaoyapa nguvu ni kwamba watu ambao viungo hivyo vya sikio la ndani havifanyi kazi kabisa hawalevywi na mwendo, hata baharini.

Sasa mrudie kijana wa chuo. Alikaa safu moja na baba yake, sentimita chache kutoka bega lake. Kona zilezile, breki zilezile, chapati zilezile. Baba, akiwa katikati, aliona barabara yote kati ya viti viwili vya mbele. Kijana macho yake yalikuwa kwenye simu iliyoko mapajani, kitu ambacho kwa macho hakiendi popote, wakati masikio yake yanapiga kelele kwamba tunapinda. Sina ushahidi mzuri kuliko huu katika kisa chote. Mjomba anafuata: alikaa safu mbaya kuliko zote na hakuumwa, kwa sababu aliyelala amefumba macho hana cha kugonganisha. Binti alikuwa macho, mikeka imemziba mbele, kioo cha pembeni kimejaa ukungu.

Turner na Griffin wa Chuo Kikuu cha Southampton waliwahi kuwahoji abiria 3,256 wa mabasi nchini Uingereza, wakachapisha matokeo mwaka 1999. Karibu asilimia 28 walisema walijisikia vibaya, lakini waliotapika hawakufika asilimia 2. Wale ambao hawakuona barabara ya mbele walijisikia vibaya karibu mara tatu ya wale walioiona vizuri sana. Watafiti hao waliona pia kwamba abiria waliugua zaidi pale ambapo uendeshaji wa dereva uliwasukuma zaidi mbele, nyuma na pembeni. Ukilinganisha na hao wa Uingereza, watatu kati ya saba ni balaa, na hali ya ile Noah ilikusanya kila kibaya kwa pamoja.

Shangazi simweki kwenye hesabu moja na wengine. Alikuwa safu mbaya, ndiyo, lakini alitapika baada ya kupakatia matapishi ya mtoto ndani ya gari lililofungwa. Hilo lingemtosha mtu yeyote.

Na dereva? Mwaka 1991 Rolnick na Lubow walichapisha jaribio la watu wawili wawili waliozungushwa kwa mwendo uleule, mmoja akiwa ndiye anayeuendesha. Asiyeendesha aliumwa zaidi. Anayeshika usukani anaijua kona kabla ya kona, kwa sababu yeye ndiye anayeifanya. Hata kichwa chake kinalijua: mtafiti wa Japani Takahiro Wada na wenzake wameonyesha kwamba madereva huinamisha kichwa kuelekea ndani ya kona, ilhali abiria huachia kichwa kitupwe nje. Nililitazama hili kwenye Noah ileile. Dereva alikuwa akiinama na barabara kabla gari halijapinda. Ndiyo maana jibu lake kwa bibi lilikuwa la kweli kwake. Mwili wake haukuwa na njia ya kumwambia anachowafanyia wengine.

Gari lisilo na dereva

Tangu mwaka 2014 shirika la wahandisi SAE limegawa magari katika ngazi kuanzia 0, ambapo mtu anaendesha mwenyewe, hadi 5, ambapo gari linajiendesha kabisa. Ngazi za juu haziko tena kwenye karatasi tu. Kampuni ya Waymo ilifungua kwa umma safari zisizo na mtu kwenye usukani huko Phoenix, Marekani, mwaka 2020, na baadaye ikaenda San Francisco na Los Angeles. Mwaka 2015 Sivak na Schoettle wa Chuo Kikuu cha Michigan walikadiria kwamba kati ya asilimia 6 na 12 ya watu wazima wa Marekani watakaopanda magari yanayojiendesha kikamilifu wangelevywa na mwendo kwa kiwango cha kati au kikubwa wakati fulani. Walitaja sababu tatu: sikio na macho kugongana, abiria kutojua gari litaelekea wapi, na kutokuwa na mamlaka juu ya mwendo. Zote tatu zilikuwa safu ya nyuma ya Noah yetu.

Kinachonitia wasiwasi ni kwamba magari haya yanauzwa kwa ahadi ya kukuacha huru usome, uangalie filamu, ufanye kazi kwenye kompyuta. Ndiyo shughuli iliyomwangusha kijana wa chuo. Mengine yanapangwa viti vitazamane. Gari la kampuni ya Zoox lililoonyeshwa mwaka 2020 limejengwa hivyo, na nusu ya abiria huipa mgongo barabara ya mbele. Mazungumzo yatanoga, lakini anayekaa kinyumenyume haoni kinachokuja, anaona kilichokwisha pita.

Upande mwingine, kompyuta ina nafasi ya kuwa dereva bora kuliko kijana wetu. Inaweza kuwa na ramani ya kila kona kabla ya kuondoka, ikashusha kasi kabla ya kuingia, ikaiachia breki kidogokidogo. Ina vipimo vya msukumo ndani yake, hivyo inaweza kujua kwa namba inachowafanyia watu waliokaa nyuma. Haiwahi safari ya pili. Lakini programu ikishtuka kwa kivuli au kwa mtu aliyesimama tu pembeni ikakanyaga breki bila sababu, abiria anasukumwa na kitu ambacho hata angekuwa anatazama mbele asingekitegemea. Kuipanga vizuri njia ya gari ni kazi ya starehe sawa na ilivyo kazi ya usalama, na napenda wahandisi waipe uzito huo kabla ya kukimbilia viti vya masaji.

Halafu kuna kumwambia abiria. Mwaka 2020 Kuiper, Bos na wenzao walionyesha kwamba watu waliosogezwa mbele na nyuma kwa nguvu ileile waliumwa zaidi pale ambapo hawakuweza kukisia mwendo unaofuata. Katika jaribio lingine walicheza sauti fupi muda mdogo kabla ya mwendo, na kichefuchefu kikapungua. Timu hiyo ilishaonyesha mwaka 2018 kwamba skrini ikiwekwa juu, usawa wa macho, mtu anaweza kuiangalia na bado akaiona barabara pembeni mwa macho, akaumwa kidogo kuliko skrini ikiwa chini. Apple nayo mwaka 2024 ilileta kwenye simu zake vitone vinavyosogea pembeni mwa skrini kufuata mwendo wa gari, ili macho yapate habari ile ile ya sikio.

Kuna ngazi ya 3, ambapo gari linajiendesha lakini linaweza kumwita binadamu ashike usukani. Fikiria linamwita mtu aliyekuwa akisoma, anatokwa na jasho la baridi, kichwa kinazunguka. Au aliyemeza dawa ya kuzuia kutapika kama promethazini, ambayo huleta usingizi. Hapo suala la kichefuchefu limeshakuwa suala la ajali. Kwa abiria wa kawaida dawa hizi husaidia zikinywewa kabla ya safari, kwa ushauri wa mfamasia, hasa kwa watoto. Anayeendesha, au anayeweza kuitwa kuendesha, asiziguse.

Jumapili

Tulibadilisha mambo kadhaa kabla ya kuondoka Manyovu. Binti alihamia katikati ya safu ya pili, mahali pa baba yake. Kijana wa chuo alikwenda nyuma, simu mfukoni, mikeka ikafungwa juu ya paa ili aone mbele. Vioo viwili vilishushwa kidogo. Dereva alikubali kufanya mambo mawili: kumaliza breki kabla ya kuingia kona, na kusema. Alikuwa anasema bila kugeuka: "Kona kushoto, ndefu." "Tunashuka, nashika breki." Mwanzoni aliona haya, akaona kama anawatangazia wageni. Tulipofika Kalinzi binti alikuwa ndiye anayemtangulia kuzitaja kona, na kichwa chake kikiinama upande unaotakiwa.

Hakuna aliyetapika. Shangazi alipata kichefuchefu kidogo, akaomba ndimu, akainusa hadi Mwandiga.

Siwezi kudai kwamba nimethibitisha kila kitu kwa safari hiyo. Dagaa hawakuwemo, mvua haikunyesha, na mambo mengi yalibadilika kwa pamoja. Wapo watakaosema kurudi ni kuteremka, hivyo ni rahisi. Mimi naona mteremko ndio unaodai breki nyingi zaidi, kwa hiyo ulipaswa kuwa mbaya zaidi. Nikiombwa nipange sababu kwa uzito, naanza na kasi ya kuingilia kona na breki za ndani ya kona, kisha kuzibwa mbele, kisha simu. Kutangaza kona nakuweka baada ya hayo, ingawa kwa binti nadhani kulikuwa na nguvu kuliko navyoweza kupima.

Dereva aliuliza swali moja la haki: muda. Kilomita 60 kwa wastani wa kilomita 50 kwa saa ni dakika 72. Kwa wastani wa 40 ni dakika 90. Dakika 18 kwake zinaweza kumaanisha kukosa abiria wa mchana, na kampuni za magari yanayojiendesha zinakabili mvutano huohuo kati ya starehe na idadi ya safari kwa siku. Walikubaliana na mwenye gari kwamba safari za familia za milimani zipangiwe kuondoka mapema kwa nusu saa, na bei itajwe hivyo tangu mwanzo. Shokapu za nyuma nimemwambia abadilishe zote mbili kabla ya masika, kwa kuwa ile ya kulia inavuja na shokapu dhaifu huharibu tairi na kurefusha umbali wa kusimama. Za mbele ziko salama, aziache.